Kofia Iliyonunua Mlima

Nchi yetu usiitafute kwenye ramani. Si kwamba ni ndogo. Ni kwamba ramani zote zilizowahi kuichora zilichorwa bila kibali, na Serikali yetu, ambayo haipendi fujo, ikaamuru zirudishwe kiwandani. Tangu hapo tunaishi kwa utulivu mahali pasipojulikana, na sisi wenyewe tukipotea tunaulizana njia kwa sauti ya chini.

Mimi ni mwandishi wa Sauti Tulivu, gazeti la Serikali. Ni gazeti zuri sana. Halijawahi kukosea, kwa sababu habari zake huandikwa kwanza wizarani, kisha sisi waandishi tunatumwa kwenda kuzishuhudia. Kisa cha mlima wa Nguyami nilitumwa kukishuhudia kuanzia mwanzo hadi mwisho, nami ninakieleza kwa nia njema kabisa, maana wako watu wabaya wanaokieleza vinginevyo.

*

Mambo yalianza kwa sababu ya baridi. Waziri wetu wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Profesa Mhandisi Bandago, alirudi kutoka ziara ya nje na habari kwamba mataifa makubwa huhifadhi historia yao ndani ya mitambo ya kompyuta, na kwamba mitambo hiyo haivumilii joto. Nchi yetu ina joto kila mahali isipokuwa sehemu mbili, ofisini kwa Waziri na mlimani Nguyami. Ofisini kwa Waziri tayari palikuwa na Waziri. Ikabaki Nguyami.

"Ndugu wananchi!" alihutubia siku ya kuweka jiwe la msingi, ambalo liliwekwa kwa niaba, kwa kuwa lenyewe lilikuwa limekwama bandarini. "Taifa lisilo na kumbukumbu ni kama... ni kama..." Msaidizi wake akamnong'oneza. "Ni kama taifa lisilo na kumbukumbu! Kwa hiyo hapa Nguyami, mlima ambao vitabu vyetu vya shule vinasema haujawahi kukaliwa na mtu yeyote, tutajenga Kituo cha Taifa cha Kutosahau!"

Watu wa Nguyami, ambao walikuwa wamepangwa barabarani tangu asubuhi ili wapige makofi, wakapiga makofi. Kisha mama mmoja mtu mzima akanyoosha mkono. Alikuwa Bibi Sikudhani, anayetunza makaburi ya ukoo wake pale juu, mwembamba, kanga yake ameikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

"Mheshimiwa, baba yangu," akasema, "kama mlima haujawahi kukaliwa na mtu, hapa unaongea na nani?"

Waziri hakukasirika. Waziri wetu hakasiriki, ana watu wa kumkasirikia. "Bibi, usilete siasa," akasema. "Leta ushahidi."

*

Neno hilo lilimwingia Stumai, mjukuu wa ukoo huohuo, mwenye banda la kuchajia simu pale sokoni. Stumai ana ubishi wa kimyakimya, ule unaomfanya mtu anyamaze kisha afanye. Alisema: kama Serikali inapenda historia iliyomo mitandaoni, basi na sisi tutaiweka yetu mtandaoni, iikute humohumo.

Akafungua tovuti, akaiita Nguyami Tupo. Watu wakamletea picha za arusi zilizoliwa pembe na mchwa, kaseti za kwaya, picha ya mwalimu wa zamani amekaa juu ya pikipiki isiyo yake. Walipanga foleni bandani wakisimulia huku simu za watu zikichajiwa pembeni. Ilikuwa kazi nzuri, nami nakiri kwamba nilipoifungua mara ya kwanza kwa ajili ya uchunguzi nilijikuta naifungua tena kwa ajili yangu.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo moja, kwa faida ya wasomaji wasiotoka huko. Nguyami mtu hasimuliwi akiwa hai, huonekana ni kujipendekeza. Husimuliwa siku anayozikwa. Na anayemsimulia si ndugu yake, maana ndugu wana kazi ya kulia. Ni mtani wake. Watani wa Wanguya, yaani watu wa Nguyami, ni Walembo wa ng'ambo ya mto, ambao zamani walipigana nao vita vya chumvi mpaka pande zote mbili zikachoka, wakakubaliana kuanzia siku hiyo waumizane kwa mdomo tu. Msiba ukitokea Nguyami, Mlembo huja amevaa gunia mbele nyuma, analizuia jeneza, analala ndani ya kaburi, anamtukana marehemu kwa uongo mkubwa kadiri anavyoweza, mpaka wafiwa wanacheka bila kutaka. Uongo ukiwa mdogo, wafiwa huona wamedharauliwa.

Sauti za watani hao, zilizorekodiwa misibani, Stumai aliziweka zote chini ya kichwa kinachosema "Historia ya Wazee Wetu." Hakuandika mahali popote kwamba ni utani. Ingekuwa kama kubandika kwenye sufuria karatasi inayosema hii ni sufuria.

Sauti iliyopendwa kuliko zote ilitoka kwenye mazishi ya Mzee Mgaya, kaka yake Bibi Sikudhani. Aliyesikika ni Mzee Chambuso, Mlembo mwenye sauti ya mkwaruzo, mtani wa nyumba ile tangu utoto. Alikuwa amelala ndani ya kaburi, amekataa kutoka.

"Mgaya hazikwi hapa!" alikuwa akipiga kelele. "Mlima huu wote aliniuzia mimi, kwa kofia moja na nusu jogoo! Na jogoo mwenyewe kiziwi, anawika wakati wa chakula cha mchana! Mtoeni kwenye shamba langu, mkamzike ndani ya kofia, inamtosha!"

Kisha kinasikika kicheko cha kijiji kizima, na ndani yake, ukisikiliza vizuri, sauti ya Bibi Sikudhani akimwambia, "Toka humo, mtumwa wewe, utamchafulia kaka kitanda."

*

Serikali yetu husoma. Wizara iliunda jopo la wataalamu, wakajifungia hotelini wakaisikiliza Nguyami Tupo yote, wakaandika taarifa nene. Iligundulika kuwa mwanamke mmoja wa Nguyami aliwahi kuolewa na fisi, na Wizara ya Mifugo ikatuma chanjo. Iligundulika kuwa marehemu mwingine aliiba mwezi akaufungia ghalani. Polisi walifungua jalada, na upelelezi unaendelea, ingawa mwezi umeonekana mara kadhaa.

Kisha wakafika kwenye kofia.

Mzee Chambuso aliitwa wizarani. Alipokewa na Wakili Msomi Kaselema, mwanasheria wa Serikali, kijana nadhifu anayetabasamu hata anapomeza dawa. Nilikuwepo kwa ajili ya kupiga picha.

"Hongera mzee," Wakili akasema. "Kumbe wewe ndiye mwenye mlima."

Chambuso akacheka. Akaona kwamba anacheka peke yake, akaacha. "Mwanangu, ule ni utani."

"Uliyasema ukiwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala kaburini."

"Andika, alikuwa kwenye eneo lenyewe," Wakili akamwambia karani. "Kofia iko wapi?"

"Hakuna kofia."

"Andika, kofia imepotea. Basi mzee, weka sahihi hapa uikabidhi Serikali mlima wako, tujenge Kituo."

"Si wangu! Ni wa kina Sikudhani. Babu zao wote wamelala pale."

"Unaukana mlima wako?"

"Naukana! Mbele ya Mungu naukana!"

Wakili Kaselema akafunga kalamu yake kwa furaha. "Mali inayokanwa na mwenyewe ni mali iliyotelekezwa, na mali iliyotelekezwa ni ya Serikali. Asante sana kwa ushirikiano, mzee. Chukua soda."

Mzee Chambuso hakuichukua. Alishuka ngazi akishika ukuta, na nilipomwuliza ana maoni gani kwa wasomaji wetu, aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni.

*

Nchi yetu ina uhuru wa kushtaki. Bibi Sikudhani aliutumia, akaishtaki Serikali, na Serikali ikamshukuru kwa kuonyesha kwamba uhuru huo upo. Jaji alikuwa mzee mpole aliyesinzia kwa heshima.

"Utani ni nini kisheria?" Jaji akauliza.

"Haupo, Mheshimiwa," Wakili Kaselema akajibu. "Tulikuwa na Sheria ya Vichekesho, lakini ilifutwa, kwa kuwa wananchi walikuwa wakiicheka."

"Kaka yangu hakuwahi kuvaa kofia maisha yake yote," Bibi Sikudhani akasema kutoka kizimbani. "Ilimwasha kichwani. Kila mtu anajua."

"Hakuivaa ili kuficha ushahidi," akasema Wakili.

"Lakini watu wanacheka! Si mnasikia wanavyocheka?"

Wakili akainama kwa adabu. "Mheshimiwa, kwenye mashine ya kupimia sauti, kicheko na kilio vinafanana. Serikali inaamini kwamba watu hawa walikuwa wakilia kwa uchungu, baada ya kusikia mlima wao umeuzwa."

Jaji akafikiri. Kisha akatoa uamuzi ambao magazeti yote, yaani letu, yaliusifu. Shahidi Chambuso atanie palepale mahakamani, ipimwe kama watu watacheka.

Mzee Chambuso akasimama, ameikunja kofia ya kuazima aliyovaa siku ile kwa bahati mbaya. "Mheshimiwa, siwezi. Utani wa msiba hautolewi hivihivi. Lazima pawe na maiti wa Nguyami mbele yangu. Nikitania hapa nitakuwa namwitia mtu kifo."

"Haki haina haraka," Jaji akasema. "Kesi imeahirishwa mpaka mtu wa Nguyami atakapofariki kwa njia ya kawaida."

*

Tangu siku hiyo karani wa mahakama akawa anampigia Stumai simu kila asubuhi.

"Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Wote?"

"Wote."

"Poleni sana," karani akasema, akakata.

Kijiji kikaishi kwa namna ngumu kuieleza. Mtu akikohoa, majirani walitega masikio. Wazee waliacha kukwea miti. Wakati huohuo Serikali, isionekane inapendelea upande wowote, iliifunga zahanati ya Nguyami kwa lakiri nyekundu, maana Wakili Msomi aliieleza mahakama kwamba kumtibu mtu wa Nguyami ni kuingilia ushahidi. Muuguzi akahamishiwa mjini, kwenye kitengo cha takwimu.

Na aliyeugua ni Bibi Sikudhani. Kifua kilimbana wakati wa manyunyu. Vijana wakambeba kwa machela kumpeleka hospitali ya ng'ambo ya mto, na askari wa kizuizi cha barabarani wakawarudisha kwa upole, wakieleza kwamba mlalamikaji haruhusiwi kutoka nje ya eneo lenye mgogoro. Nilikuwepo. Bibi alikuwa akihema kama anayepanda mlima, naye alikuwa amelala. Niliandika kwamba hali ni shwari, na hiyo ndiyo habari niliyopewa.

Mzee Chambuso alivuka mto akaja kumwona. Stumai alikuwa chumbani anamkanda miguu, ndiye aliyenisimulia.

"Umekuja kunipima jeneza, mtumwa wangu?" Bibi akauliza.

"Nimekuja kuona kama una kuku, nimrithi."

"Keti. Sikiliza." Akavuta pumzi. "Siku yangu unitukane vizuri. Usinionee huruma. Mlima huu uko mdomoni mwako, unanisikia? Wacheke mpaka yule kijana wa mahakama akunje mashine yake."

"Nitakutukana mpaka uamke unirushie kiatu."

"Kweli?"

"Kweli, Sikudhani."

Alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba, amegeukia ukuta. Stumai alimwachia nafasi.

Bibi Sikudhani alifariki asubuhi, Stumai ameshika mkono wake. Simu ya karani ilipoita, Stumai aliipokea akilia. Karani akaelewa, akasema asante.

*

Mahakama ilihamia msibani. Walileta turubai la Serikali, viti vya plastiki, na mashine ya kupimia sauti yenye mshale, wakaiweka karibu na jeneza. Wakili Kaselema aliomba jeneza lipewe namba ya kielelezo, na Jaji akakataa, jambo linaloonyesha kwamba mahakama zetu zina ubinadamu.

Mzee Chambuso alikuja. Amevaa gunia mbele nyuma, amejifunga majani ya mgomba kichwani, mkononi ana upawa. Watu walipomwona walishusha pumzi. Akasimama mbele ya jeneza akalizuia, kama ilivyo desturi, akanyanyua upawa juu.

"Huyu mwanamke!" akanguruma.

Mshale ukatikisika. Wanawake wakaanza kutabasamu mapema, wakimsaidia. Stumai alikuwa ameishika simu yake juu, anarekodi.

"Huyu mwanamke..." Chambuso akarudia.

Upawa ukashuka taratibu mpaka ukafika gotini. Tulisubiri. Mimi nilikuwa nikimwomba moyoni, nikisema tukana, mzee, sema lolote, sema alimla mbuzi wa mchungaji.

"Mwaka wa mafuriko," akasema kwa sauti ndogo, "mke wangu alijifungulia upande huu, daraja limekatika, maziwa hayatoki. Sikudhani alimnyonyesha mwanangu pamoja na wa kwake. Wa kwake akafa. Wangu yupo, ana watoto. Hajawahi kunisimanga kwa hilo, hata siku moja. Hata kwa utani." Akajifuta uso na gunia. "Nimelitafuta tusi njia nzima. Sina. Nisameheni. Alikuwa mtu mwema, na mimi sina cha kusema."

Kilio kilichotoka pale sijawahi kukisikia, na mshale wa mashine ulikwenda mpaka mwisho ukakwama. Nililia na mimi. Siku hizi nikiulizwa nasema ni vumbi la Nguyami.

Jaji alisoma hukumu palepale, akiwa amesimama, kwa heshima ya marehemu. Alisema mahakama imemwona shahidi kwa macho yake. Imethibitika bila shaka yoyote kwamba Chambuso akisimama mbele ya maiti husema kweli tupu. Kwa hiyo hata yale aliyoyasema mbele ya maiti ya Mgaya yalikuwa kweli tupu. Mlima uliuzwa kwa kofia moja na nusu jogoo, ukatelekezwa, na sasa ni wa Serikali. Wakazi, ambao kwa mujibu wa vitabu hawapo, wahame mwisho wa wiki. Marehemu aruhusiwe kuzikwa, kwa muda.

Chambuso aliposikia hivyo alikaa chini kwenye udongo. Hakuna aliyemlaumu. Dada mmoja wa marehemu alimwekea mkono begani akamwambia, "Umemzika vizuri, shemeji," lakini hakusikia.

*

Msafara uliondoka mapema. Gari la mahakama lilijaa viti na mashine, nikakosa nafasi, nikabaki na wafiwa tukifukia kaburi. Jembe lilipita kwa mikono yote, na likafika kwangu. Tulipomaliza hakuna aliyeondoka. Watu walisimama tu, wakiangalia nyumba zao chini ya mteremko kama watu wanaohesabu kichwani cha kubeba na cha kuacha.

Ndipo Mzee Chambuso akanyanyuka. Akaliendea tuta la kaburi, akalipiga teke dogo la pembeni.

"We Sikudhani!" akasema. "Mvivu mkubwa wewe!"

Watu wakageuka.

"Umesikia tunahama, ukawahi kujilaza! Masufuria yako nani abebe? Kinu chako nani abebe? Mwanamke gani huyu, akiona mzigo anakufa! Tangu utoto wako ni kukwepa kazi tu! Na usidhani tutakurudia kukubeba, jinsi ulivyo mzito kwa kula kuku wa watu! Baki hapohapo! Tena hao wenye mitambo wakija, usiwape hata maji!"

Alianza mwanamke mmoja, puani, akijizuia. Akafuata mwingine. Kisha kijiji chote kikapasuka, watu wakishikana mabega, wakikaa chini, wakiomba aache, na yeye haachi, anazidi kuliambia kaburi mambo yasiyosemeka, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Nami nilicheka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na hasira iliyokuwa imenikaa miezi yote ile ikapata mlango wa kutokea.

Nikamtazama Stumai. Simu ilikuwa mkononi mwake, kioo kinawaka, na hakuna kitu kilichowahi kutokea Nguyami tangu afungue tovuti yake ambacho hakukirekodi. Aliiangalia, akaizima bila kurekodi hata neno, akaisukuma ndani ya gauni, akarudi kucheka na watu wake.

Wizara ilikuja baadaye kuichukua Nguyami Tupo, ili iwe hazina ya kwanza ya Kituo cha Taifa cha Kutosahau. Walimwomba Stumai aape kwamba amekabidhi kila sauti aliyorekodi, akaapa, na hakusema uongo. Waziri Bandago mwenyewe alimpa cheti chenye muhuri kinachothibitisha kwamba kumbukumbu za watu wa Nguyami zimekamilika. Nilitumwa kuishuhudia hafla hiyo, na sikuona sababu ya kumsahihisha.